Mrejesho: Mpira niliousema "nje" bila kuwa na hakika

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza nifanye nini baada ya kutamka "nje" katika mechi ya tenisi isiyo na mwamuzi hapa Tanga, ilhali sikuwa na hakika. Mlinijibu kwamba kila mchezaji huamua mipira ya upande wake, na kwamba penye shaka haki ni ya mpinzani, kwa kuwa mpira uliogusa mstari, hata kidogo sana, ni mzima, yaani si wa nje.

Jumamosi nilimfuata mpinzani wangu, nikamwamkia, maana ni mkubwa kwangu, nikamweleza yote. Hakukasirika. Alinipeleka kwenye mstari wa nyuma, akaweka mpira ukingoni mwa rangi nyeupe, akaniambia nisimame nilipokuwa siku ile. Mpira wenyewe ulinifichia mahali unapogusana na mstari, na kwa kweli niliumia moyoni.

Nilidhani tungeirudia pointi, lakini kanuni hairuhusu marudio pigo likiwa la ushindi, yaani lisiloweza kurudishwa, na lake lilikuwa hivyo. Pointi ilikuwa yake. Tumepanga mechi nyingine, naye ameomba jambo moja: nitaje matokeo kwa sauti kila ninapoanzisha mpira.