Treni ya SGR na boti za Zanzibar: kwa nini zisiunganishwe?

Muulizaji: Wakuu, tangu SGR, yaani treni ya reli ya kisasa, ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, safari ya kutoka huko kwenda Dar es Salaam imeshuka hadi takribani mwendo wa saa nne. Kwa nini basi anayeelekea Zanzibar bado akate tiketi mbili, zenye ratiba zisizojuana?

Jibu la kwanza: Ndugu, umbali si kikwazo, kwani stesheni na gati la boti zote ziko katikati ya jiji. Kinachoumiza ni kwamba treni ikichelewa, boti ya mwisho haimsubiri mtu, na mama mwenye watoto na mabegi hulazimika kutafuta nyumba ya wageni usiku huo.

Jibu la pili: Naafiki, ila tiketi moja pekee haitoshi. Iandikwe wazi kwamba aliyecheleweshwa na treni atapanda boti inayofuata bila kulipa upya, na vivyo hivyo bahari ikichafuka na safari za boti zikaahirishwa, abiria anayerudi Dodoma asipoteze kiti chake.

Muulizaji: Hapo umenena, mkuu. Na mizigo je, itakaguliwa mara mbili?

Jibu la pili: Kwa usalama wa bahari, ndiyo, lakini gari la kuihamisha litapunguza adha kubwa.