Vichupo vinajifia vyenyewe: tupeane uzoefu, kivinjari (Chrome na wenzake) kilikuumbua wapi?

Mzee wa Steshenari:
Wakuu, salaam. Leo mtoto wa jirani kaniletea laptopu, akifungua ukurasa wa pili, wa kwanza unakufa, unabaki ule uso wa huzuni tu. Nikakumbuka mbali. Nilikuwa na steshenari Morogoro, njia ya Msamvu, mashine mbili za ramu GB 2, Windows 7. Usiku wa mwisho wa maombi ya mkopo wa chuo, foleni imefika kwa muuza chipsi. Nina binti na mama yake, wametoka Gairo na basi la mchana. Tumejaza yote: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba, mdhamini. Nafika kuambatisha karatasi ya sahihi, kichupo kikafa. Nafungua upya, fomu tupu. Mara ya pili, vilevile. Ya tatu yule mama akaanza kusali kwa sauti. Saa 5:38 usiku! Nikafunga muziki, nikafunga kila dirisha, hata mashine ya pili nikaizima (haihusiani, najua, ni hofu). Kumbe picha nilikuwa naziskani kubwa mno, moja zaidi ya MB 20. Nikaskani upya kwa ubora mdogo. Ikapita 5:54. Mama kanilipa elfu tatu na ndizi. Nyie je?

Binti wa Kisosora:
Hapo kwenye "fomu tupu" mwili umenisisimka. Yamenikuta.

Kauzu:
Vichupo ndo nini? Mimi nimesoma vichupi nikaingia mbio.

FundiChipu:
Kauzu, kichupo ni ukurasa mmoja uliofunguliwa kwenye kivinjari. GB 2 na madirisha yote hayo, ulitegemea nini mzee? Tangu Chrome itoke 2008, kila kichupo kwa kawaida kinaendeshwa peke yake. Ndiyo maana kinakufa kimoja, wenzake wanabaki hai. Zamani ukurasa mmoja ukigoma dirisha zima linakwenda na maji. Bonyeza Shift na Esc, utaona nani anakula kumbukumbu. Ongeza ramu, yaani hiyo kumbukumbu, basi.

Mama Nice:
Nyie mafundi kila ugonjwa ramu! Mimi nina GB 16 na vilikuwa vinakufa. Fundi mmoja akataka laki na themanini. Mdogo wangu akafungua dirisha fiche (Incognito), kimya, hakuna kilichokufa. Kumbe kiendelezi, kile kiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari, changu kilikuwa cha kupakua video. Nimekifuta, sijatoa hata mia.

FundiChipu:
Dirisha fiche huwa halitumii viendelezi mpaka uviruhusu, hapo sawa dada. Lakini nilipata mteja mwenye stiki mbili za ramu, moja mbovu. Andika mdsched kwenye Windows, ijiwashe upya, ipime ramu. Bila kupima utafuta viendelezi mpaka uzeeke.

Kauzu:
Mimi naiwekea feni.

Binti wa Kisosora:
Futa kashe tu, yale mabaki ya kurasa ulizotembelea.

Mama Nice:
Usimpoteze mtu, atatiki na nywila humo humo aje kulia hapa.

Kitasa:
Nyie mnalilia fomu. Mimi kilinivunjia ndoa nusu. Wife kaomba laptopu atazame mapishi ya biriani. Kivinjari kikaanguka chote. Alipokifungua kikamuuliza, turejeshe kurasa? Akakubali. Vikarudi vyote 31. Cha kwanza matokeo ya mpira. Cha pili chumba masta cha kupanga, Goba. Cha tatu godoro la 5 kwa 6. Cha nne mtungi mdogo wa gesi. Mimi niko bafuni nasikia kimya, na kimya cha yule mwanamke nakijua.

Binti wa Kisosora:
Wee! Goba kwa nani?

FundiChipu:
Wakuu turudi kwenye mada.

Mama Nice:
Mada ndiyo hii.

Kitasa:
Nilikuwa namtafutia shemeji. Anahama kwao kimyakimya, kaniomba dada yake asijue. Nimelala kwenye kochi siku tatu.

Mama Nice:
Shemeji wa kiume?

Kitasa:
Wa kike.

Kauzu:
Mkuu, hapo hata ramu ya GB 64 haikuokoi.

Mzee wa Steshenari:
Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kuna nini. Sasa laptopu ya mtoto nianze na lipi? Nayo ni Windows 7.

FundiChipu:
Hapo ndipo ulipaswa kuanzia! Tangu Februari 2023 Chrome mpya haiingii humo, toleo lake la mwisho humo ni 109. Weka kivinjari kingine, Firefox toleo la 115 ESR, kwa sasa, ukipata hela ubadilishe Windows. Na fomu ndefu aandikie pembeni kwanza, abandike baadaye.

Mama Nice:
Kitasa, godoro ulinunua?

Kitasa:
Jamani, si tulikuwa kwenye viendelezi?