Kamera ndogo inaniteleza mkononi: tatizo ni mimi au umbo lake?

Mwanagenzi: Hamjambo, wapenzi wa picha. Nina kamera ndogo ya kidijitali ambayo uso wake wa mbele ni laini kama kigae, hauna hata kinundu cha kuegemeza vidole. Mchana wa joto, viganja vikiwa na jasho, hulazimika kuibana mpaka kidole gumba hubonyeza kitufe cha video bila kukusudia, na picha hutoka zimetikisika. Je, kosa ni la mikono yangu?

Mzee wa Mwanga: Usijilaumu, ndugu yangu. Mkono unaobana kwa nguvu hauwezi papo hapo kubonyeza kitufe taratibu. Itazame kamera ndogo ya Ricoh GR III iliyotoka mwaka 2019: pamoja na betri na kadi ina gramu 257 tu, lakini upande wa kulia imevikwa mpira na kuwekewa kinundu kinachoshikwa na kidole cha kati, hivyo gumba na kidole cha shahada hubaki huru kufanya kazi, na mkono mmoja unatosha. Ni kweli kwamba haina kitundu cha kuchungulia kwa jicho unapopiga picha, na flashi iliyokuwamo ndani ya mtangulizi wake, GR II, imeondolewa. Kwangu mimi hilo si hasara kubwa.

Mama Lenzi: Hapo kwenye kitundu sikubaliani nawe, Mzee. Jua likiwa kali skrini haionekani vizuri, nawe hunyoosha mikono mbele ukiitafuta picha, ilhali kamera iliyogusa paji la uso hupata egemeo la tatu. Sony waliweka kitundu kinachochomoza katika kamera yao ndogo RX100 III ya mwaka 2014, na mwili ukabaki wa kuingia mfukoni. Kwako Mwanagenzi, usikimbilie kununua nyingine: bandika kipande cha mpira mbele, chini ya shahada, ukiwa umefuta mafuta kwa spiriti kwanza, na uangalie kama menyu inaruhusu kuzima kitufe cha video. Viwiko vibane mbavuni.

Mwanagenzi: Ahsanteni sana. Nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, urefu wa kidole, nikakibandika kwa gundi ya pande mbili. Kidole cha kati sasa kina pa kukaa, na gumba limehama kabisa kutoka kwenye kitufe kile. Kamba ya mkononi nitaifunga leo jioni.