Nikeli inabanduka kwenye seli za lithiamu za 18650 baada ya kupiga spoti

gurudumu_48
Wakuu, naunga pakiti ya 10S4P (makundi 10 kwa mfululizo, kila moja seli 4 sambamba) ya baiskeli ya umeme, kontrola ya 20A. Utepe wa nikeli ni 0.15 × 8 mm, mashine ya spoti (inayochomelea nikeli kwa pigo fupi la umeme) ni ile ndogo inayotumia betri ya gari ya 12V. Upande wa hasi nikeli inabanduka kwa kucha. Nikiongeza muda wa pigo, upande wa chanya inatoboka na kurusha cheche. Niongeze nguvu, au niache spoti nilehemu kwa risasi?

Fundi Seli
Usilehemu juu ya seli. Utando unaotenganisha chanya na hasi ndani huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na pasi ya kulehemu iko juu ya 300. Joto la spoti hudumu milisekunde chache tu, halifiki huko.

Cheche na matundu ni dalili ya mgandamizo mdogo. Ncha ikigusa kijuujuu, umeme wote unapita kwenye kijisehemu kidogo na nikeli inalipuka. Bonyeza ncha zote mbili kwa nguvu sawa *kabla* ya pigo, na usiachie mpaka liishe. Ncha ziwe na upana wa milimita 1.5 hadi 2, uzisugue kwa msasa kila zinapoanza kuwa nyeusi.

Upande wa hasi, umeme unakatiza ndani ya nikeli yenyewe kutoka ncha moja hadi nyingine bila kushuka kwenye seli. Chana mfereji mwembamba katikati ya nikeli, ncha moja kila upande. Umeme utalazimika kupita kwenye seli, na mara nyingi huhitaji hata kuongeza muda. Usipige katikati kabisa ya kitako, maana hapo ndipo kijiti cha hasi cha ndani kimeunganishwa.

Jaribu kwenye seli iliyokufa, kisha vuta nikeli kwa koleo. Ikichanika na kuacha vipande kwenye seli, imeshika.

mzee_wa_volti
Hakikisha pia ni nikeli tupu. Kwaruza kipande, kiache kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Kikiota kutu, ni chuma kilichopakwa nikeli. Kwako kila kipande kitabeba 5A (20A kwa seli 4 sambamba). Nikeli tupu ya ukubwa huo inamudu, chuma kitapata moto. Waya kutoka kwenye betri ya gari ziwe nene na fupi, na betri iwe imejaa chaji.

gurudumu_48
Nashukuru. Waya za BMS (saketi inayolinda betri) je, hizo nazo nazishikaje bila kulehemu?

Fundi Seli
Zilehemu kwenye nikeli ikiwa bado mezani, ndipo uipige spoti kwenye seli. Na kabla ya hapo, bandika pete za karatasi ya kuhami kwenye vichwa vya chanya: ukingo unaozunguka chanya ni hasi, plastiki ya seli pekee ndiyo inayozuia shoti. Seli za kundi moja zisipishane zaidi ya 0.05V unapoziunga.