Mama chakula kinakwama miezi saba, jamaa anamwambia "tafuna vizuri"!

Wakuu, nimetoka hospitali Moshi mjini sasa hivi, natetemeka, mtanisamehe mwandiko.

Huyu bwana wa zahanati yetu huku migombani mnamjua, simtaji. Yule anayeandika dawa huku anachezea simu. Mama kaenda kwake mara nne. Ya kwanza akamwambia, "Mwanangu, ugali unakwama hapa," akaweka kidole kifuani. Akapewa omeprazole, dawa ya kiungulia. Ya pili, omeprazole. Ya tatu, omeprazole na magnesium. Vidonge alivyomeza mama yangu ungevisaga ungepaka chokaa kanisa zima! Ya nne ameshaacha ugali, anaishi kwa uji, kitenge chake cha Pasaka anakifunga mara mbili kiunoni. Jamaa hata uso hakuinua: "Mama, tafuna vizuri."

Tafuna vizuri! Mtu anakunywa uji, anatafuna nini?

Leo kapimwa kwa kamera. Saratani ya umio, koo la chakula. Njia imebaki nyembamba kama mrija wa soda. Daktari kauliza mbona mmechelewa, mama kajibu kwa upole wake: "Nilikuwa natafuna, baba."

Kilimanjaro hii kila ukoo umezika mtu wa koo. Mtu mzima chakula kikikwama ni karatasi ya rufaa siku hiyohiyo. Karatasi tu! Mwenye gari na hela anaenda moja kwa moja kwa bingwa. Mama yangu na kadi yake ya CHF, bima ya afya ya jamii, bila ile karatasi havuki, na mwenye karatasi ndiye huyo wa TAFUNA VIZURI.

Mangi wa Rau: Pole sana mkuu. Ni huyohuyo, shemeji yangu alimwambia ni gesi.

Chalii wa Unga Ltd: Miezi saba na wewe mtoto ulikuwa wapi? Hesabu ya vidonge unayo, kumpeleka mjini ukashindwa?

Mleta uzi: Nilikuwa Arusha natafuta hela ya hivyo vidonge. Wewe nijibu, uji unatafunwaje?

Mama Junior Njiro: Na chai za moto muache jamani. Wataalamu wa saratani wa WHO walishasema 2016, kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 huenda kinaleta saratani ya koo hilo. Baba mkwe anakunywa ikiwa bado inachemka.

Mangi wa Rau: Chai imeingiaje hapa shemeji?

Mtu wa Longido: Afadhali nyie kamera iko Moshi. Mama mdogo ana saratani ya titi, alipelekwa hospitali ya saratani Ocean Road Dar kwa mionzi, wiki na wiki, hana ndugu kule. Nauli tu tuliuza mbuzi sita.

Chalii wa Unga Ltd: Nauli usiniambie. Jana Kosta ya Moshi imetushusha Boma Ng'ombe na mvua, konda anasema gari limeishia hapo, hela harudishi.

Mama Junior Njiro: Ile nyeupe ya saa kumi na moja? Mimi walinifanyia hivyo Jumatatu!

Mangi wa Rau: Konda mwenye kofia nyekundu?