Ndege kwenye mkanda inapaa, helikopta kwenye jukwaa haipai

Wakuu, swali hili kila likirudi tunaishia kutaniana mpaka hoja zinapotea. Ndege imewekwa juu ya mkanda mrefu kama njia ya kurukia. Ikikimbia mbele, mkanda unarudi nyuma kwa kasi ileile. Itapaa?

Inapaa. Wanaokataa wanaichukulia kama gari. Gari linasukumwa na matairi yake, ndiyo maana mkanda unaweza kulizuia. Matairi ya ndege hayasukumi chochote, yanajizungukia tu. Kazi ni ya rafadha au jeti, na hizo zinasukuma hewa. Vaa viatu vya magurudumu, panda mashine ya kukimbilia, kisha jivute kwa kamba iliyofungwa ukutani mbele yako: ukutani utafika, hata mashine wakiiongeza kasi.

Chukua Cessna 172, ndege ndogo inayoinua pua ikifika kilomita 100 hivi kwa saa. Mkanda ukirudi kwa 100, matairi yatazunguka kama yako kwenye 200, msuguano utazidi kidogo, na rubani ataondoka zake. Mwaka 2008 kipindi cha MythBusters cha Marekani kilijaribu kwa kuvuta turubai refu chini ya ndege ndogo. Ikaruka.

Kuna mwenzetu amepinga, akisema swali linataka mkanda ulingane na kasi ya matairi, si ya ndege. Sawa, tupige hesabu. Kasi ya tairi ni ya ndege ukijumlisha na ya mkanda. Basi tairi na mkanda vitalingana pale tu ndege inapokuwa imesimama. Anayelisoma swali hivyo ameshaipiga ndege marufuku kusogea, halafu anatuuliza kama itasogea!

Sasa helikopta, na hapa nawageukia wa upande wangu. Imeegeshwa na kushikwa imara juu ya jukwaa linalozunguka kinyume cha panga lake, kwa kasi ileile. Mmeshangilia: "Ardhi haihusiki, inapaa!" Hapana jamani. Injini inazungusha panga kwa kulinganisha na bodi. Bodi ikizungushwa kinyume, mizunguko inafutana. Panga kuu la helikopta ndogo ya Robinson R44 huzunguka mara 400 hivi kwa dakika. Lipe jukwaa 400 za kinyume, na wewe uliyesimama pembeni utaliona panga limetulia tuli huku bodi ikizunguka chini yake. Panga lisilokata hewa halinyanyui kitu. Jukwaa likienda polepole, hilo ni jambo jingine: rubani ataongeza pembe ya panga kidogo, basi.

Lile dai jingine, kwamba helikopta inaweza kuelea tu angani ikisubiri dunia izunguke chini yake, halihitaji maelezo mengi. Kwenye ikweta ardhi inakwenda takriban kilomita 1,670 kwa saa, na hewa inakwenda nayo.

Kwa hiyo anayeshikilia kwamba helikopta ya kwenye jukwaa inapaa anijibu moja tu: panga lake linakata hewa kwa kasi gani?