Taa za studio zinawaka kwa flashi ya kamera, lakini picha inatoka nyeusi

picha_safi
Wakuu, nina taa mbili za studio zenye sensa ya mwanga, zile zinazofyatuka zikiona flashi nyingine. Naziwasha kwa flashi ndogo iliyo juu ya kamera. Kwa macho naziona zote mbili zinapiga vizuri, tena zinalia kuonyesha zinajichaji upya, ila picha ni nyeusi karibu kabisa. Mpangilio: hali ya M (napanga mwenyewe), shata 1/125, f/8, ISO 100, flashi iko TTL (kamera inajipangia nguvu ya flashi). Sensa mbovu au kamera?

shata_moja
Shusha shata hadi 1/60 au hata 1/30, huenda taa zinachelewa.

mwanga_kando
Hapana, kushusha shata hakutasaidia hapo. Taa hazichelewi, zinawahi. Flashi ikiwa TTL hupiga mara mbili: kwanza mmweko mdogo wa kupima, shata ikiwa bado imefungwa, kisha mmweko wenyewe shata ikifunguka. Vinafuatana upesi mno, jicho linaona kimoja. Sensa ya taa haijui tofauti, inafyatuka kwa ule wa kwanza. Shata inapofunguka, taa zimeshamwaga umeme wote na ndiyo kwanza zinajichaji. Hata ukiweka sekunde nzima, mwanga wao ulishapita.

Na weusi wa picha una sababu ya pili ambayo wengi hawaioni. Kamera ilipopima ule mmweko wa kwanza, ilipima pamoja na mwanga mkubwa wa taa za studio. Ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza nguvu ya mmweko wa pili hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo unakosa taa, na flashi ya kamera nayo unaikosa.

Fanya hivi: ingia kwenye menyu ya flashi, toa TTL, weka M. Usichanganye na M ya kamera. M ya kamera inahusu shata na apacha (tundu la lenzi, ile f/8 yako), haigusi flashi. Nguvu anza na 1/64. Sensa zisipoitikia panda 1/32, zikiitikia jaribu kushuka 1/128. Zima pia kinga ya macho mekundu, maana baadhi ya flashi hupiga mimweko ya ziada kwa kazi hiyo.

Usihofu kwamba flashi hiyo itaharibu mwanga wako. Tuseme namba elekezi yake (guide number, yaani umbali kwa mita mara apacha) ni 12 kwa ISO 100. Kwa 1/64 inabaki 1.5, maana nguvu ikishuka mara 64, namba hiyo inashuka mara 8. Mtu akiwa mita 2, flashi hiyo peke yake ingehitaji apacha ya f/0.75. Wewe uko f/8, karibu stopu 7 chini (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu). Kwenye ngozi hutaiona.

fundi_lenzi
Kuna kamera ambazo flashi yake ya juu haina M. Hapo kuna njia mbili.

Kama taa zina hali ya S2 (Godox wanaiita hivyo), iweke. S1 inafyatuka kwa mmweko wa kwanza, S2 inauruka na kusubiri wa pili. S2 inategemea idadi ya mimweko, kwa hiyo kinga ya macho mekundu ikiwa imewashwa itaichanganya.

Kama hakuna S2, tumia kufuli ya flashi: FEL kwa Canon, FV kwa Nikon. Bonyeza kitufe chake, mmweko wa kupima unapiga peke yake na taa zinafyatuka bure. Subiri zilie kwamba zimejaa, ndipo upige picha. Safari hii utatoka mmweko mmoja tu. Inafanya kazi, ila kwa kikao kirefu inachosha, na mhusika anaanza kufumba macho kwa mmweko usio wa picha.

Hali ya shata za kasi sana, HSS, nayo izime. Inatoa msururu wa mimweko, na sensa inaitikia wa mwanzo tu. Baki chini ya kasi ya kusawazisha ya kamera yako (shata ya kasi zaidi inayoendana na flashi ya kawaida), kwa kawaida 1/200 au 1/250. Ukiona mkanda mweusi upande mmoja wa picha, umeivuka.

picha_safi
M kwa 1/64 imekubali, asanteni. Imebaki nukta nyeupe kwenye miwani. Na je, nikinunua kebo ya kuunganisha kamera na taa badala ya kutumia flashi hii?

mwanga_kando
Nukta hiyo ni flashi ya kamera inajiona kwenye kioo. Funika flashi kwa kipande cha filamu ya slaidi ambayo haikupigwa picha lakini imesafishwa. Inatoka nyeusi, inazuia mwanga unaoonekana na kupitisha infraredi, na sensa nyingi za taa zinaiona infraredi vizuri. Itabidi upandishe nguvu, pengine 1/8.

fundi_lenzi
Kuhusu kebo: kabla hujachomeka taa ya zamani kwenye kamera, pima volti za tundu lake la kebo. Taa iwe imewashwa na imejaa, multimita kwenye DC, ncha moja kwenye pini ya kati, nyingine kwenye ukingo. Kuna taa kuukuu zinazotoa zaidi ya volti 200, na si kila kamera inavumilia hizo. Soma kikomo kwenye kitabu cha kamera. Sensa ya mwanga haina hatari hiyo kwa sababu hakuna waya. Udhaifu wake ni jua kali, softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) kuikinga isione flashi, na mgeni yeyote chumbani mwenye kamera yenye flashi. Triga ya redio inaondoa matatu yote hayo.